Msiba wa Ruta ya Ditram

Ditram wa Mikumi alikuwa fundi redio mpaka watu wakaacha kuleta redio. Tangu hapo anazunguka kwenye nyumba za wageni na maofisini, toka Kilosa mjini hadi Ruhembe, anaomba ruta za intaneti zilizotupwa stoo. Anazifungua, anafukuza mende, anasugua kwa mswaki, anaunga waya uliokatika, kisha anazigawa bure kwa shule na zahanati. Zote kazipa namba ya siri moja, nane iliyorudiwa mara nane, asije akasahau. Mikumi nzima wanaijua.

Siku niliyopita kwake nikitokea Berega, nilikuta turubai limefungwa, wanaume vitini, wanawake mkekani wanalia. Nikavua kofia.

"Shikamoo mzee," Ditram akasema, kajishika kiuno.

"Marahaba mwanangu. Pole sana. Nani huyo?"

"Hakuna mtu! Nimeanika ruta ya zahanati uani, nikaifunika shuka nyeupe isiingie vumbi. Jirani yangu Mama Doto kachungulia ua, kadhani maiti, kapiga yowe."

"Si uwaambie?"

"Nimewaambia. Wanasema uchungu umenichanganya."

Pembeni alisimama Joha, nesi wa zahanati kule Ruhembe, kompyuta ya kazini kwapani, macho kwenye saa. Oda ya dawa ilitakiwa kutumwa kwa mtandao kabla ya saa kumi. Ikichelewa, mwezi mzima hawana hata dawa ya malaria. Ilikuwa saa tisa na nusu, na ruta, na shuka yake, ilikuwa imekumbatiwa na Herman, mtani wa ukoo wa Ditram, kajilaza katikati ya mkeka.

"Marehemu haondoki bila kuku," Herman akasema.

"Hajafa, bwana!"

"Kila mfiwa anasema hivyohivyo. Haya, mwamshe tuone."

Ditram akaichomeka umeme, Joha akatia laini yake ya simu, akafungua kompyuta. Taa ikawaka kijani. Kilio kikakatika. Mara simu zikaanza kuita ting, ting, turubai zima. Wafiwa wote wameingia mtandaoni! Oda ya Joha ikawa inazunguka tu, haiendi.

"Jamani, zimeni! Ni dawa za watoto wenu!"

"Dakika moja nesi, hii video inaishia," akasema Mama Doto, chozi bado liko shavuni.

Zikabaki dakika tano. Ditram akapiga magoti. "Mtani, kuku wawili."

Herman akaruka, akanyakua beseni la rambirambi. "Zimeni simu, zote humu! Anayebisha namlalia miguuni mpaka kesho!"

Mtani msibani habishiwi. Simu zikaingia, pu, pu, pu. Ilipobaki dakika moja, Joha akapiga kigelegele. Oda imekwenda.

Akaifunga ruta mgongoni kwa kanga, akapanda bodaboda kurudi Ruhembe. Herman akalikalia beseni.

"Na hizi hazitoki bila wali," akasema.

Bahati nzuri wali wa msiba ulikuwa umeshaiva.