Adabu Mbele ya Maiki

Fundi wa simu akichoma lehemu, mimi na shahada zangu hurudi utotoni, kwenye chumba cha redio cha misheni, Mwanza. Ng'ambo ya ziwa, Sengerema, wauguzi walikuwa wamemsogeza baba karibu na redio ili aage.

Mama alipiga magoti, akabana kitufe cha maiki, akaanza kumwamkia, akinyamaza kila mara ili aitikie, kidole kikiwa palepale.

"Jamani, anapigia magoti mashine!" mwendeshaji redio alicheka, akanigeukia. "Kitufe kikibanwa, sauti inapakiwa kwenye wimbi, taa za ndani ya redio zinalikuza, waya wa juu unalirusha. Kusikia hakuna mpaka aachie."

"Mwambie basi, mzee."

"Ngoja amalize adabu za kijiji cha ujamaa."

Mama alipoachia, muuguzi alisema: "Alikuwa anakuitikia, mama. Sasa haitikii tena."