Kavira mwenye kupima ziwa

Asubui ya mwisho yenye haikuwa na mambo, Kavira alikunywa chai wima, kama mutu mwenye gari inamungojea. Bwana wake, Ézéchias, alikuwa anamufungia begi ya safari ya ziwa. Kavira akaangalia ile fundo.

"Baba Joyeuse, unafunga mbuzi?"

"Begi ya mwanafunzi, siyafungaka hata siku moja."

Alikuwa na bajukuu tayari, Kavira. Batoto bote, tangu Joyeuse wa kwanza, bakisha kutoka mu nyumba, ndipo aliingia shule kubwa ya mambo ya samaki, pale Butembo. Kwa soko batu balimuchekelea bwana: "Bibi yako anasoma samaki? Yetu sisi tunaikula tu." Ézéchias hakusomaka, mais alipenda kumusikia anasoma kwa sauti mangaribi.

Mu mwezi wa nane, mwaka wa 98, banafunzi balipanda boti kwenye ziwa Edouard kwa kupima maji. Kavira ndiye alikuwa mukubwa wao, balimuita Mama Promotion, ni kusema mama wa darasa. Siku ya kwanza, kijana Éphraïm akamupa sufuria. Kavira akamurudishia: "Niko mwanafunzi sawa wewe. Kila mutu na siku yake." Donc Éphraïm akapika bugali, ikatoka mbichi, bakaikula vile. Muchana balishusha mu maji sahani nyeupe yenye kufungwa na kamba, mpaka macho inaipoteza. Pale ndipo balijua maji iko safi namna gani.

Hayo yote Kavira aliyasimulia kwa phonie, ile redio ya kuongea na batu ba mbali. Boti ilikuwa na yake, na Issaka, muchuuzi mwenye malori, alikuwa na yake mu depot Butembo. Ézéchias alikuja kumusikiliza pale.

Kisha vita ikaingia Beni, ikashika barabara, ikafika mpaka pembeni ya ziwa. Phonie haina siri, askari pia balisikiliza. Mwenye kutaja vita, balimufuata kwake. Basi bachuuzi bakaanza kuita vita "mvua". Kila dereva alijua. Mais boti ilikwisha kutoka mbele ile neno haiyazaliwa.

Siku moja Kavira akasema mafuta ya motere inaisha, banataka kutoka.

"Musitoke," Ézéchias akasema. "Kule pembeni ya ziwa mvua iko nyingi."

"Mvua gani? Huku jua inawaka. Tumepima upepo, hata wingu moja hapana."

"Mama Joyeuse, ni mvua mubaya. Inaangukia batu. Mubakie katikati ya maji."

"Na tukule nini? Bugali ya Éphraïm?"

Ézéchias akasikia banafunzi banacheka. Éphraïm naye akaingia: "Muzee, usiogope. Tuko na banylon ya kujifunika."

Issaka akamushika Ézéchias mukono. Kwa mulango askari babili balikuwa bamesimama, banauliza nani anaongea na ziwa. Nyuma ya ukuta batoto ya Issaka balikuwa banacheza. Ézéchias akatafuta mu kichwa neno ingine, yenye bibi atasikia na askari habatasikia. Hakuipata. Akabakia na ile moja.

"Mvua," akasema. "Mvua, Mama Joyeuse. Mvua."

Kavira akajibu, kisha phonie ikakatika.

Boti ilifika kwa kijiji ya bavuvi jioni ile ile. Risasi ilibakuta miguu ingali mu maji. Éphraïm alirudi Butembo kwa miguu, yeye ndiye alileta habari. Kavira, bavuvi balimuzika pale pale, na bwana wake hakuona kaburi mpaka barabara ilifunguka, kisha miaka kupita.

Mpaka leo, batu bakimuuliza Ézéchias bibi yake aliagana naye namna gani, anabaambia vile alisikia, haongeze, hapunguze:

"Baba Joyeuse, mvua haiuaka mutu. Tunatoka. Ikitunyeshea, tutakauka."