Kumlaza Mama Ubavuni kwa Baba

Nakumbuka Jumanne ile ya Agosti: nilikuwa nikikoroga uji wa waombolezaji nyumbani kwetu, ng'ambo ya kivuko cha Kigongo, sululu za vijana waliochimba kaburi la mama zilipogota mwamba. Kabla ya kufa alikuwa ameomba jambo moja tu, alazwe ubavuni kwa baba. Shimo la mama lilikuwa limefika magotini, likakataa kushuka zaidi.

Baba mdogo akashauri tuzike mgomba pale, kwa kuwa kaburi lililofunguliwa haliachwi tupu, kisha tuchimbe jingine bondeni kwenye udongo laini. Mwanangu, nilikuwa binti wa chuo, na bonde lile nililiona kama nchi ya mbali. Nikawasihi wazee waningoje hadi kesho yake, nikavuka ziwa kwenda Mkuyuni, mjini, kukodi mashine ya kuvunjia mwamba.

Fundi wa duka alinitazama nikinyanyua iliyo nyepesi, akacheka.

"Dada, hiyo ni ya kubandua vigae. Ukiigusisha mawe ya kwenu itaomba likizo."

Kuuliza si ujinga, nami niliuliza. Akanieleza nichague kwa kutazama ugumu wa jiwe, upana wa shimo, na kama umeme upo. Kwetu haukuwapo, hivyo nikachukua nzito kuliko zote pamoja na jenereta na kijana wa kuiendesha. Tuliijaribu kwanza kwenye jiwe nyuma ya duka. Kuhusu kilicho jirani na shimo hakuna aliyeuliza, wala mimi sikuwaza.

Asubuhi iliyofuata mwamba ulipasuka kama kibuyu. Tulishangilia, wafiwa sisi! Ndipo shangazi, dada yake baba, akainuka mkekani akaweka kiganja juu ya kaburi la kaka yake. Saruji ilikuwa ikitetemeka, na ufa mwembamba kama unywele ulishaanza kutambaa.

"Zima! We mtoto, unamfungulia mama yako mlango au unamfukuza baba yako?"

"Shangazi, kumebaki kidogo tu."

"Hicho kidogo ndicho chake. Leteni mitaimbo."

Mashine ikanyamaza. Vijana wakamalizia kwa mikono, wakipokezana, mpaka jua likaelekea ziwani. Upande wa baba waliacha ukuta wa mwamba usiozidi upana wa kiganja, na mama akalazwa hapo alipotaka.

Mwanangu, utakapokodi mashine kama ile, pima ugumu wa unachokivunja, lakini pima pia udhaifu wa kilicho kando yake. Ikaribie kazi kwa nguvu, uimalize kwa mikono. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wiki chache baadaye nilimwandikia mjomba wako, ambaye masomo ya ughaibuni yalimzuia kuja kuzika:

"Kaka, mama yuko ubavuni kwa baba. Nilitamani wagusane, lakini kati yao umebaki ukuta wa jiwe, nao ndio uliomwachia baba usingizi wake. Kila nikija nyumbani huketi hapo jioni, nikisikiliza kama bado wanabishana kuhusu chumvi ya samaki. Nawakumbuka, kaka, hata ubishi wao. Mungu akulinde huko uliko, akurudishe ukiwa mzima, na ardhi ya kwetu ikupokee kwa upole, ukiwa bado unatembea juu yake."