Wodi Mbili, Msimamizi Mmoja

Siku ya kwanza niliyoripoti kazini gereza kuu, Shawish wa Lango alitazama viatu vyangu kabla ya kunitazama usoni. Shawish ni sajini, na Jenabu ni afande; hapa Juba hata sisi tuliorudi kutoka Uganda na Kiswahili chetu tuliwaita hivyo. Viatu vyangu vilikuwa vya shule, vile nilivyomalizia sekondari uhamishoni, na nilikuwa nimevipaka rangi tangu alfajiri. Kando yangu alisimama kijana mwingine aliyeandikishwa asubuhi hiyo hiyo. Jina lake Wani, naye alivaa kandambili.

"Wewe umekuja kazini au umekuja kuoga?" Shawish akamuuliza.

"Kazini, Jenabu. Viatu viko njiani, vinatembea polepole."

Askari wote wa lango wakacheka, na Shawish akacheka kuliko wote. Mimi mwenye viatu nikawa nimeshasahaulika. Ninyi mnaoingia kazi hii sasa mniwie radhi: habari za miaka yangu gerezani siwezi kuziandika bila Wani ndani yake. Nimejaribu.

Shawish alitufundisha lango. Gereza, liwe kubwa au dogo, lina milango miwili mmoja nyuma ya mwingine, na milango hiyo haifunguliwi kwa wakati mmoja. Unaingia wa nje, unafungiwa katikati, unapekuliwa, ndipo wa ndani unafunguliwa. Anayeshika funguo haingii uani hata siku moja, na anayeingia uani habebi ufunguo wala rungu. "Ukiingia na ufunguo," Shawish alituambia, "umewaletea zawadi. Ukiingia na rungu, umeleta zawadi mbili."

Mimi nilipenda funguo. Nilijua kila kufuli kwa sauti yake. Wani alipelekwa uani, na jioni alitoka huko akiwa amejua nani ana mtoto mgonjwa, nani anaota ndoto mbaya, nani anaimba vizuri. Sikuona maana ya kujua hayo. Niliona tu kwamba wafungwa walisimama alipopita, na nilipopita mimi walisimama pia, lakini kama watu wanaosimama kwa sababu ya mvua.

Kutoka langoni nilihamishiwa shamba la gereza, nje ya mji, ambako wafungwa wa vifungo vifupi walilima mahindi na bamia. Mkuu wa Shamba alikuwa mtu mkimya aliyejua kupanga kazi: wenye nguvu mbele, wazee kwenye palizi, askari mmoja kila pembe akiwa na jua mgongoni ili asipofushwe. Nilijifunza mengi kwake. Baadaye nikawekwa lango la wodi ya wanawake, kwa nje tu, maana ndani ni askari wa kike peke yao. Baadaye tena nikapewa ghala: magunia ya unga, maharage, sabuni, blanketi. Ghala langu lilikuwa safi kiasi kwamba wageni waliletwa kulitazama. Katika vituo vyote hivyo, mtu akitoka gereza kuu nilimuuliza swali moja, nikijifanya sijali. Wani yuko wapi? Yuko uani. Bado yuko uani.

Na cheo cha ua huo ndicho nilichokitaka. Msimamizi wa Ua ndiye mwenye kila kitu kilicho ndani ya lango la pili, tangu milango ya wodi inapofunguliwa asubuhi hadi lokapu, yaani saa ya kuwafungia tena jioni. Yeye ndiye anayeamua nani analala wapi, nani anakula na nani, nani awe nyapara, yule mfungwa anayewaongoza wenzake. Hata Mkuu wa Gereza akitaka kuingia uani humuuliza yeye kwanza. Nilikitaka cheo hicho kama watu wengine wanavyotaka nyumba.

Mkuu mpya alipokuja, alikuta wafungwa wamejaa mpaka wengine wanalala kwenye makontena ya chuma, ambayo mchana huwa kama tanuri. Akapata ruhusa ya kujenga wodi mbili. Alituita sisi wa zamani atuulize maoni. Nilimwambia milango ifunguke kwa nje, maana mlango unaofunguka kwa ndani wafungwa wanaweza kuuzuia kwa miili yao. Nikamwambia bomba la maji likae katikati ya ua, ili foleni yote ionekane kutoka kwenye mnara. Yote mawili aliyafuata. Yako vile mpaka leo, na sijawahi kusikia mtu akiuliza ni wazo la nani.

Wodi zilipokauka rangi, Mkuu alituita ofisini, mimi na Wani.

"Msimamizi wa Ua anastaafu," alisema. "Kila mmoja wenu atapanga wodi moja. Wani ya kwanza, Taban ya pili. Kesho mchana nakuja kukagua chakula kikiwa kimetoka. Yule ambaye nitaipenda kazi yake, ua ni wake."

"Na atakayeshindwa, Jenabu?" Wani aliuliza.

"Atakuwa chini ya mwenzake."

"Basi Taban, naomba likizo yangu mapema," Wani akaniambia, na Mkuu akacheka. Alikuwa na mwaka mmoja tu pale, na tayari alikuwa anacheka.

Nilifanya kazi ile kama kitabu kinavyotaka. Mahabusu, ambao kesi zao hazijaamuliwa, niliwatenga na wafungwa. Wafungwa niliwapanga kwa urefu wa kifungo, wa muda mrefu ndani kabisa, wa muda mfupi karibu na mlango. Nilichora namba ukutani kwa rangi nyeupe, kila mtu na nafasi yake, kila kundi la nafasi na sinia lake. Asubuhi yote nilishika brashi. Kupitia dirisha nilimwona Wani ameketi chini na manyapara wa wodi yake, amekunja miguu, anapiga porojo. Wodi yake haikuwa na namba hata moja. Moyo wangu ulikuwa mweupe kuliko rangi ile. Nilijua nimemshinda.

Mchana asida, yaani ugali wetu, na maharage vikatoka. Mkuu alianza kwangu. Alitazama namba, akapitisha kidole ukutani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akatazama masinia.

Sinia la tatu lilikuwa halijaguswa. Wanaume wawili walikuwa wameketi mbele yake wameangalia pembeni, mmoja huku, mmoja kule.

"Kuleni," nikasema.

Nyapara wangu akaja karibu. "Jenabu, hawa hawawezi."

"Hawataki?"

"Hawawezi. Watu wa huyu waliua ndugu wa yule. Bado haijasuluhishwa."

Nilijua habari hiyo. Kila mtu hapa anaijua. Kwa jamii nyingi za wafugaji wetu, watu wenye damu kati yao hawali chombo kimoja wala hawanywi kibuyu kimoja mpaka wazee wafanye suluhu, ama sivyo watakufa wao au watoto wao. Lakini mimi nilikulia kambini upande wa Uganda. Niliijua kama mtu anavyojua jina la mto ambao hajawahi kuuvuka. Haikunijia kichwani hata kidogo nilipokuwa nashika brashi.

"Mhamishe mmoja," nikasema.

"Nimhamishie wapi, Jenabu? Sinia lile lina jamaa wa huyu. Lile lina jamaa wa yule. Umetuchanganya wote, na namba zako ni za rangi, hazifutiki."

Kufikia hapo watu wa upande mmoja walikuwa wameshasimama, na wa upande wa pili nao wakasimama. Hakuna aliyepiga kelele, jambo ambalo ni baya zaidi. Mkuu akarudi nyuma taratibu hadi mlangoni, ule mlango wangu unaofunguka kwa nje, akasema, "Niitieni Wani."

Wani akaja mikono mitupu, anatafuna. Alikuwa ameshakula na watu wake.

"Haya, nini? Chakula kimewashinda? Nipeni mimi, mke wangu ananinyima." Mtu mmoja akacheka, kisha mwingine. "Kila mtu akae na yule aliyekula naye wodi ya zamani. Namba za ndugu yangu Taban ni za kulalia, si za kulia. Mzee, wewe kuja hapa. Wewe, toka hapo. Kalas, imekwisha."

Wakakaa. Wakala. Kabla hawajamaliza maharage, Mkuu alikuwa ameshaamua.

"Taban," aliniambia nje, "wodi yako ni nzuri sana. Ni nzuri kama ghala."

Nilifanya kazi chini ya Wani miaka mingi. Hakunitukana hata siku moja, na kwa hilo nalo nilimchukia. Goti langu lilipoharibika nikaondoka kabla ya umri wa kustaafu. Tangu hapo sijakaa mahali pamoja: nimelinda lango la kampaundi mtaani Thongpiny, nimeuza nguo Arua, nimekaa Koboko na Kitale, kisha nikarudi kwenye kiwanja changu hapa Juba, New Site, na naona nitaondoka tena. Popote nilipo huota ule ua. Yeye hakuwahi kuondoka Juba, wakati wa vita wala baada yake. Hata huo ugeni nilionao mimi, yeye hana. Nikienda sokoni, waliofungwa zamani humpa Wani nyanya bure. Mimi huniambia, "Wewe si ndiye uliyekuwa na Jenabu Wani?"

Hivi karibuni alinipigia simu. Sasa anafundisha askari wapya. "Ndugu, kuja uone watu wangu. Kuja usikilize nikiwadanganya."

Nikaenda, nikaketi nyuma kwenye benchi. Vijana wa kiume na wa kike walikuwa wanaandika kila anachosema. Akawaeleza namna ya kuwapanga watu wodini, kisha akasema atawapa mfano. Akawasimulia kuhusu wodi mpya, namba nyeupe ukutani, sinia lisiloguswa, watu waliosimama kimya.

"Na mpumbavu aliyechora zile namba," akasema, "ni mimi huyu hapa."

Darasa likacheka kwa mapenzi. Binti mmoja mbele akasema, "Hata wewe, Jenabu?"

"Hata mimi. Kwa hiyo msiogope."

Nilisimama, goti likalia. "Wani, wodi ile ilikuwa yangu. Namba nilichora mimi."

Wote wakageuka. Wani alinitazama kidogo, kisha akafungua mikono.

"Mnaona rafiki? Ametoka New Site na goti bovu, anataka kunibebea aibu yangu."

Wakapiga makofi, na wakampigia yeye.

Nimeketi kuandika haya kwa sababu hiyo. Ninyi mnaojifunza kazi, mkitaka kujua jinsi ua unavyoendeshwa, mwendeeni Wani, hakuna anayejua zaidi yake, na inaniuma kuliandika. Mwachieni cheo, mwachieni nyanya na makofi. Lakini wodi ya pili, na brashi, na zile namba nyeupe, na watu waliosimama bila kula, ni vyangu, na simpi.