Nilivyompandia mama nyasi mpaka mlangoni, Siakago

Wakuu, hamjambo huko mliko. Haya nimeyaishi mwenyewe, sijaongeza chumvi, na mahali pengine yananiaibisha.

Mimi ni mtu wa Mbeere, kazi yangu iko Embu town. Mama anaishi peke yake nje kidogo ya Siakago. Nilipomjengea nyumba, nilitaka ipendeze kama zile za kwa simu.

Sasa, kwetu uwanja hufagiliwa. Kila asubuhi, udongo mtupu, na mistari ya ufagio inabaki kama nywele zilizochanwa sasa hivi.

Mimi nikaona huo ni ushamba. Nikapanda nyasi mpaka chini ya madirisha, nikazungusha fence ya miti ya saipresi.

"Hii nyasi inafanya nini kwa mlango?" mama akauliza.

"Inaitwa landscaping, Mami."

Alicheka tu. Lakini kule nyuma, kwa jikoni yake ya kuni, aliendelea kufagia.

Kiangazi cha pili kikakaza. Nyasi zikageuka rangi ya asali, upepo ukipita zinanong'ona. Nilikuwa nimekuja wikendi, nimejilaza kwenye veranda saa nane mchana, nikiwaza kwamba hapa ndipo nitazeekea. Mbali kidogo jirani alikuwa anachoma vichaka, anatayarisha shamba la ndengu kabla ya mvua. Moshi ulikuwa mwembamba, wa bluu, unanukia vizuri. Nikasinzia humo humo.

Kilichoniamsha ni joto usoni.

Fence ilikuwa inawaka, na nyasi zangu zinaubeba moto polepole kuelekea dirisha la chumba alicholala mama. Niliingia, nikamshika mkono, tukatokea mlango wa nyuma mpaka jikoni kwake.

Moto ulitufuata. Ukafika pale anapofagia, ukakosa cha kula, ukalala.

Majirani walikuja na matawi mabichi wakaupiga upande wa mbele. Dirisha moja na pembe ya paa vilienda. Mama alikuwa mzima.

Nilichukua likizo nikang'oa nyasi zote hatua kumi na tano kutoka ukutani, nikamwaga murram, ule udongo mwekundu wa barabarani. Matawi ya chini ya miti mingine nikakata, rundo la kuni nikalihamisha mbali na nyumba. Fence sikurudisha.

Jioni tulipomaliza, mama alitoa kiti nje, akakaa akiangalia barabara kwa muda mrefu.

"Sasa nitakuwa nakuona ukikuja," akasema. "Na ile miti yako ilivyoziba barabara, nilikuwa nangoja tu nisikie gate."

Miaka miwili, wakuu. Sikujua kwamba huwa anakaa akiningoja.

Funzo nililopata: usipambe boma la mzazi kabla ya kumuuliza yeye analitumiaje. Wenye wazazi sehemu kavu, kwenu nyasi zinaishia wapi? Andikeni hapa chini, nitasoma zote.

Mimi siku hizi nikienda sipigi simu kwanza. Nikikata kona ya mwisho, namwona ameshasimama.