Mama Hodi wa Wodi ya Watoto

Usiku ule nilikaa nje ya chumba namba tatu nimeshika kiatu kimoja cha binti yangu. Cha pili kilibaki barabarani, alipokimbilia magari akisema anaitwa. Ana miaka kumi na tano. Siku nne alikuwa halali, akijibu watu nisiowaona. Sasa amejifungia ndani, na daktari ameshasema: asipofungua, walinzi watamtoa kwa nguvu achomwe sindano.

Muuguzi wa zamu aliomba nusu saa.

Wenzake wanamwita Mama Hodi. Ni mnene, anakaribia kustaafu, na huvaa soksi za kiume kwa sababu ya baridi ya sakafu. Kwa miaka ishirini na mitatu amehudumia watoto waliovurugikiwa akili. Funguo za milango yote ziko mfukoni mwake, lakini haingii bila kubisha.

Alichungulia kwenye kioo cha mlango, akaona mtoto amekaa salama, akavuta kigoda.

"Hodi, mwanangu."

"Nenda zako!"

"Niende wapi na miguu hii? Imevimba kama mikate."

Uvumilivu ukaniishia. "Fungua, we mtoto! Unanitia aibu!"

"Mwambie huyo anyamaze!"

Mama Hodi akanigeukia. "Dada, nyumbani chumba chake kina komeo?"

Nikasema ukweli. Nililing'oa kwa bisibisi siku ya kwanza nilipomsikia akiongea peke yake. Nilikuwa naingia mara sita kwa usiku, nammulika tochi usoni.

"Kichwani mwake kuna watu wanaingia bila hodi," akaninong'oneza. "Na wewe tena?"

Nilinywea. "Sasa nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Muombe."

Nikasogea mlangoni. Sijawahi kumpigia hodi mtoto niliyemzaa mwenyewe.

"Hodi."

Mwisho wa korido walinzi wawili walikuwa wameshafika, mmoja akitazama saa.

"Hodi, mama. Nina kiatu chako."

"Kimoja?"

"Kimoja tu. Kingine sikukiona."

"Uko na nani?"

Nilitaka kudanganya. Mama Hodi akatikisa kichwa.

"Na muuguzi. Walinzi wako kule mbali. Hatuingii mpaka useme."

Nilimsikia akipumua karibu kabisa na mbao. Kitasa kikazunguka. Mlango ukafunguka kiasi cha mkono kupita, mkono ukatoka, ukachukua kiatu, ukarudi ndani.

Mlango haukufungwa tena.