Stering Alikuwa Tingatinga

Enzi zetu pale mtaani Mowlem filamu ilikuwa na mtangazaji, kama mpira. Jumamosi tulijazana kwenye kibanda cha video cha mabati, watoto watano kwenye benchi la watu wawili, vidole vyekundu kwa mabuyu. Mbele yetu alisimama Musyoki, mwana wa mchonga vinyago, na maikrofoni yake iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Kile Kiingereza cha puani kilimpita kama kilivyotupita sisi, ila yeye hakuona haya kututafsiria alivyobuni mwenyewe. Watoto wa siku hizi wakikosa maandishi chini ya picha wananuna. Sisi tulikuwa na Musyoki.

Likizo moja akatuletea filamu ya miaka elfu ijayo. Mji umemezwa na msitu, mizizi inatembea, na mashine kubwa kuliko kanisa inaingia kufyeka. "Mnaona hiki chuma?" akanguruma. "Hiki ndicho stering, ndiye shujaa wa picha! Na stering hafi!" Kila mti ulipoanguka tuliruka hadi mabati yakatetemeka. Tuliirudia filamu ile Jumamosi tatu.

Nakasirika hata ninapoandika haya.

Kwa sababu wiki iliyofuata tingatinga lilikuja kweli, la manjano, asubuhi, baba zetu wakiwa kazini. Lilikuja kwenye uwanja tuliochezea michezo yetu ya mpira, kati na bladaa, ambao mkubwa fulani alikuwa amejipatia hati yake bila kumuuliza mtu. Ukingoni mwa uwanja huo mama alikuwa na kishamba cha sukuma wiki na kunde, kilichotulisha nyumba nzima. Akasimama katikati ya matuta yake, leso kiunoni, mikono ameinyoosha. Nasi watoto? Tulikimbia mbele ya tingatinga tukilifungulia njia. Magoli ya mti tuliyang'oa wenyewe. "Stering! Stering!" Mimi nilikuwa mbele kabisa, sauti imenikauka.

Vijana wawili wa yule mkubwa walimkamata mama mabegani wakamtoa. Hakulia. Alinitazama, mikono yangu ikiwa bado juu.

"Shangilia tu," akaniambia. "Kesho utakula hicho chuma."

Tulikula ugali na chumvi mwezi mzima. Hakunigusa wala kulitaja tena. Afadhali angenichapa.

Leo uwanja ule ni maghorofa tu. Watoto wanacheza mpira kwenye ngazi, na sukuma inatoka mbali, inafika imenyauka. Juzi mwanangu aliipata filamu ile kwenye simu, tukaitazama pamoja, na kwa mara ya kwanza nikasikia wanachosema. Mizizi ile ilikuwa ikiwakinga watu waliojificha chini yake. Mashine ilitumwa kuwamaliza. Namkasirikia Musyoki, na yule mkubwa nitamkasirikia hadi kaburini, lakini koo lililopiga kelele ni langu. Mama hakuwahi kukanyaga kibanda cha video, na ndiye pekee aliyeielewa ile filamu.

"Mathe," mwanangu akaniuliza mimi mama yake, "kwani nyinyi mlikuwa mnashangilia nani?"

Nikamwambia azime simu akalale. Ilikuwa saa nane mchana.